Hadi Barafu Iondoke

Mimi ni mtu wa kufagia, sikatai. Marehemu mama alikuwa akiwaonya wageni kwamba kwa Irja usiweke kikombe chini kabla hujamaliza, utakikuta kimeshaoshwa na kupangwa kabatini. Kwa hiyo waliponipa kazi ya kutunza ghala la nakala la ushirika wetu hapa Kettu, kaskazini kabisa mwa Minnesota, walikuwa wamempata mtu wao. Bahati mbaya wakampata na Darrold.

Ghala lenyewe limo katika ofisi ya zamani ya mgodi wa chuma, juu ya kilima, madirisha yakitazama ziwa. Mashine zinavuma mchana kutwa kwa sauti moja, na ukikaa nazo peke yako muda mrefu, ule mvumo unakuingia hadi hujui kama uko macho au umelala. Zahanati, shule, maktaba, redio ya mji na watu binafsi wote wanatuletea vitu vyao kupitia waya. Kila siku mashine inapiga picha ya kila kitu jinsi kilivyo siku hiyo, ili kikiharibika leo, tukachukue cha jana au cha juzi.

Sasa niambie, picha za kila siku, mwaka baada ya mwaka, zitakaa wapi? Ndiyo maana nikatengeneza Fagio. Fagio ni programu niliyoiandika kwa mkono wangu. Kila Jumanne saa sita mchana linapita ghalani, picha iliyozidi siku tisini linaitupa kapuni, na iliyokaa kapuni siku saba linaichoma. Nikisema linaichoma, nina maana hairudi, hata umlilie nani.

Darrold yeye ni mtu wa kufunga. Yeye ndiye aliyeleta makufuli: ukitaka picha fulani isiguswe na Fagio, unaibandika kufuli lenye jina lako, sababu, na siku ya mwisho. Kulifungua kabla ya siku hiyo kunataka watu wawili, mwenye kufuli na shahidi, kila mmoja kwa nywila yake. Wazo zuri, nalisifu. Lakini mpe Darrold kufuli uone. Alifunga menyu ya chakula cha shule ya miaka kumi na moja iliyopita. Alifunga picha za mashindano ya kuogelea ambayo hakuna aliyeshinda kwa sababu ilinyesha. Nikimuuliza, ananijibu kwa upole ule wake wa kuudhi.

"Huwezi kujua, Irja."

"Siwezi kujua nini? Kwamba mtu ataamka asubuhi ana hamu na viazi vya mwaka ule?"

"Huwezi kujua," anarudia, na kunikatia kipande cha ule mkate wa kuviringa wenye kokwa za jozi wanaooka kwao. Ugomvi wetu wote miaka kumi na minne ulikwenda hivyo, mdomo umejaa mkate.

Hadi Novemba. Novemba ghala lilijaa pomoni kwa makufuli yake, na picha za zahanati zikakosa pa kukaa siku mbili mfululizo. Muuguzi alinipigia simu sauti inatetemeka. Hakikuharibika kitu, Mungu alisaidia, lakini nilipandwa na hasira hadi masikio yakawasha. Nikakaa nikabadilisha kanuni: kufuli ambalo Fagio haliwezi kusoma siku yake ya mwisho, lihesabiwe limekwisha. Wiki moja kabla, mwenye kufuli atatumiwa barua ya onyo. Asipojibu, shauri yake.

Darrold alikuja kuniona saunani kwetu, kile chumba cha mvuke, maana mambo makubwa hapa huzungumzwa uchi na kwenye jasho, mume wangu akiwa kati kama refa.

"Mashine isipoelewa, iulize," akasema. "Isichome."

"Itamuuliza nani? Wewe? Wewe ukiulizwa unasema funga!"

"Na kapu je? Siku tatu unazotaka wewe ni chache. Fanya thelathini."

"Thelathini! Si afadhali tusiwe na Fagio kabisa?"

Tukakubaliana saba, kwa sababu mume wangu alisema ataungua. Sikushinda, naye hakushinda.

Mwisho wa Machi Darrold akastaafu. Tulimpikia supu ya mchele-pori, tukampa kiti cha kukunja cha kuvulia samaki, akaondoka. Kwa kanuni nilitakiwa nilifute jina lake kwenye mashine siku hiyohiyo. Mtu akiondoka, ufunguo wake unaondoka. Nilikaa mbele ya kioo cha mashine, nikaliona jina, nikasema kesho. Kesho yake nikasema kesho. Sikujua kama ningemkumbuka kiasi kile. Ghala lilikuwa kimya bila mtu wa kugombana naye, na mkate hakuna.

Zikaja zile wiki ambazo kila mtu wa hapa anazijua, barafu inapolegea. Ziwa si njia ya miguu tena na bado si maji. Ukungu unalala juu yake asubuhi mpaka mchana, na mji mzima unatembea polepole, unasahau ulichokuwa unasema. Katikati ya ziwa limeegeshwa gari bovu la rangi ya chungwa, kama kila mwaka, na kila mtu ameandika siku na saa anayodhani litazama. Anayepatia anapewa kuni za sauna za mwaka mzima. Gari likizama, barafu imeondoka, na msimu mpya umeanza rasmi.

Jumanne ile nilisinzia kwenye kiti, saa tatu asubuhi, mvumo wa mashine ukinibembeleza. Nikaota nafagia ziwa. Nilikuwa na ufagio wa mama, nafagia theluji juu ya barafu, na kila nilipofagia palikuwa peupe, pasafi, nikafurahi. Kisha nikasikia mtu anagonga kwa chini. Anagonga taratibu, kwa adabu, kama jirani. Nikapiga magoti nikaweka sikio. Ilikuwa simu.

"Irja, mwanangu, ni mimi Odell. Sema kwa nguvu, sisikii vizuri."

Mzee Odell Branstrom anaishi kisiwani peke yake. Alistaafu mgodini zamani, akabakiza sikio moja, maana lile la kushoto liliuawa na baruti. Na hilo moja alilobakiza akaanza kulitumia kwa kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Kila majira ya baridi, miaka ishirini na mbili, alitoboa tundu kwenye barafu, akateremsha maikrofoni majini, akanasa sauti za barafu. Ajabu, lakini hapa kwetu kila mtu ana lake.

"Nakusikia, Mzee Odell! Hujambo huko?"

"Sijambo, nimefungiwa tu kama kuku. Sledi ya theluji haipiti, boti haipiti. Lakini jana nimeisikia, imeanza kuachia. Alhamisi nitavuka. Darrold ameniwekea zile sauti zangu?"

"Zipo," nikasema. Nilisema tu, kama mtu anavyosema nzuri akiulizwa habari.

"Ahsante. Maana Jumatatu wananipasua. Daktari amesema uvimbe ukitoka, na sikio nalo basi. Kwa hiyo Alhamisi ndiyo siku yangu ya kusikiliza, mwanangu. Kuna kitu nataka kukisikia, halafu wafanye watakavyo."

Simu ikakatika. Nikafungua mashine nimtazamie mzigo wake, na mzigo haukuwepo.

Nikatafuta tena nikidhani nimekosea jina. Habari niliyoikuta ni hii. Januari kompyuta ya mzee iliharibika kwa moshi wa jiko, na kwa kuharibika kwake ikatutumia kabrasha tupu. Picha zetu zote tangu siku hiyo zilikuwa za kabrasha tupu. Iliyo nzima iliyobaki ilikuwa moja, ya siku ya kabla ya moshi, maana za nyuma yake zilishachomwa, na Darrold aliifunga kufuli akingoja mzee avuke aje kuichukua, kwa sababu mtandao wa kisiwani haubebi mzigo mkubwa hivyo kwa mkupuo mmoja. Jumanne iliyopita picha ile ilizidi siku tisini. Fagio likaitupa kapuni. Kufuli lilisomeka hivi:

Mwenye kufuli: Darrold Skubic. Sababu: masikio ya Odell. Siku ya mwisho: hadi barafu iondoke.

Niliyasoma maneno yale nikaweka mkono mdomoni. Kwa mtu wa Kettu hiyo ni tarehe. Harusi zinapangwa barafu ikiondoka. Fundi wa paa anakuja barafu ikiondoka. Hata kwenye kadi ya zahanati utakuta imeandikwa, rudi barafu ikiondoka, na hakuna mgonjwa aliyewahi kuuliza ni lini. Mashine yangu peke yake ndiyo haikuzaliwa hapa. Iliangalia maneno yale, haikuona namba, ikasema limekwisha, kama nilivyoifundisha. Barua ya onyo ilikwenda kwa Darrold, kwenye sanduku ambalo tangu astaafu halisomwi na mtu.

Siku ya saba ya kapu ilikuwa ileile, na saa sita Fagio lingechoma.

Mtu atasema, si ungelizima Fagio? Ningelizima, ndiyo. Na saa sita na robo zahanati inatuma picha yake ya siku, nayo inategemea nafasi inayoachwa na Fagio. Ghala lilikuwa limejaa asilimia tisini na sita. Novemba nilikuwa nimeapa mbele ya yule muuguzi kwamba haitatokea tena. Na kilichomo kapuni hakifunguki kikiwa kapuni, lazima kwanza kirudishwe rafuni, na mzigo wa Mzee Odell ulikuwa mkubwa, rafu haikuwa na pa kuuweka. Nilitaka nafasi, nafasi kubwa, ndani ya saa mbili na nusu.

Nikaorodhesha picha zote kwa ukubwa, niitafute nene kuliko zote. Nikajiandaa kumtukana Darrold, maana nani mwingine?

Ya kwanza kwenye orodha haikuwa yake. Nilisoma mara tatu.

Mwenye kufuli: Irja Pelkonen. Sababu: ya muda tu. Siku ya mwisho: 31 Desemba 9999.

Miaka tisa nyuma tulihamia mashine mpya, nami nikapiga picha ya ghala zima la zamani, nikaifunga kwa siku chache ili tusije tukapoteza kitu njiani. Nikaipa tarehe ya mbali ili nisisumbuliwe. Nikasema nitaifuta kesho. Kila kilichokuwamo kilishahamishwa salama, hapakuwa na mtu wa kuihitaji, na kwa miaka tisa mimi, mtu wa kufagia, nilikuwa nimekalia takataka kubwa kuliko zote katika jimbo hili. Na Fagio liliipita kila Jumanne kwa heshima zote, kwa kuwa tarehe yake ilikuwa na namba. Nyani haoni kundule. Niliona aibu nikiwa peke yangu chumbani.

Kulifungua kabla ya siku na kuichoma bila kuipitisha kapuni kulitaka shahidi. Wenye nywila ya ushahidi walikuwa wawili: mwenyekiti wa ushirika, aliyekuwa Arizona akikwepa baridi na simu, na Darrold, ambaye kwa kanuni hakupaswa kuwamo tena.

Simu ya Darrold iliita bure zaidi ya saa nzima, nikachukua funguo za gari.

Barabara ya kuteremka ziwani ilikuwa tope jekundu na ukungu. Nilimkuta mwisho wa gati, kwenye kile kiti tulichompa, blanketi magotini, darubini mkononi. Mwaka ule mji ulikuwa umemchagua kuwa mwamuzi wa gari, wa kushuhudia saa litakapozama. Ni heshima kubwa hapa. Alikuwa ameingoja miaka thelathini.

"Shhh," akasema bila kugeuka. "Limeinama pua."

"Darrold, inuka."

"Siinuki. Nikiinuka nani atashuhudia?"

"Uliandika nini kwenye kufuli la Mzee Odell?"

"Niliandika siku ya mwisho, kama ulivyoamrisha."

"Uliandika hadi barafu iondoke!"

Ndipo akageuka. Alinitazama kwa mshangao wa kweli kabisa. "Sasa hiyo si tarehe?"

Nilitaka kupiga kelele, nikajikuta machozi yananitoka. Nikamweleza yote pale gatini, kapu, saa sita, Jumatatu ya upasuaji, na lile kufuli langu pia, maana hapakuwa na njia ya kulificha. Aliposikia tarehe ya kufuli langu akavua miwani.

"Elfu tisa mia tisa tisini na tisa," akasema taratibu. "Ya muda tu."

"Cheka baadaye."

"Nitacheka mpaka nife, Irja. Nitacheka na kaburini." Lakini alikuwa ameshasimama. Alilitazama lile gari la chungwa ukunguni muda mrefu, kama mtu anayeaga treni. Kisha akaiacha darubini juu ya kiti na kunifuata.

"Na uamuzi je?" nikauliza tukiwa ndani ya gari.

"Gari litazama hata nisipolitazama. Endesha."

Tulifika saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Niliweka nywila yangu. Mashine ikauliza shahidi. Darrold akakaa, akanyoosha vidole, akaanza kuchapa kwa vidole viwili kama anayedonoa mahindi. Ikakataa. Akachapa tena. Ikakataa.

"Darrold wee, ikikataa ya tatu inafunga!"

"Najua, mimi ndiye niliyeiweka hiyo." Akafumba macho. "Nilibadilisha kabla sijastaafu. Nilibadilisha kuwa nini vile?"

Mashine zikavuma. Nilisikia moyo wangu, na nyuma yake nikasikia kama kule ndotoni, kugonga kwa chini, taratibu, kwa adabu. Sijui ilitoka wapi. Darrold akafumbua macho, akanitazama, uso umemwiva.

"Usicheke," akasema, akachapa kwa sauti, silabi moja moja: hu, we, zi, ku, ju, a.

Ikakubali.

Takataka yangu ya miaka tisa iliungua kwa sekunde arobaini. Sikuona uchungu wowote, niliona wepesi kama mtu aliyevua viatu. Ghala likashuka hadi asilimia themanini na moja. Nikauvuta mzigo wa Mzee Odell kutoka kapuni, ukarudi rafuni, majira ya baridi ishirini na mawili, hakikupungua kitu. Saa ilionyesha sita kasoro dakika mbili. Saa sita Fagio likapita, likakuta kapu lina vitu vingine vidogo, likavichoma likaenda zake. Saa sita na robo zahanati ikaleta picha yake ikakaa vizuri. Tukapumua.

Na hapohapo ziwa likatoa mlio, mmoja, mzito, hadi vioo vya madirisha vikatikisika. Darrold akakimbilia dirishani. Ukungu ulikuwa umejaa, huoni hata gati.

"Limekwenda," akasema. "Miaka thelathini naingoja hiyo, na limekwenda nikiwa nashuhudia kufuli lako." Mpaka leo watu wanamwita Mwamuzi, na anayemwita hivyo lazima acheke. Saa hasa hakuna aliyeiona, na kuni ilibidi zigawanywe kwa watu kumi na saba.

Alhamisi Mzee Odell alivuka kwa boti akisukuma vipande vya barafu kwa kasia. Aliingia na koti linalonuka moshi, akaketi kwenye kiti changu, akavaa vile visikilizio vikubwa kwenye sikio lake moja, na kwenye lile lililokufa pia, kwa mazoea. Nikamwonyesha namna ya kuchagua. Nikamwachia.

Alisikiliza tangu asubuhi hadi jua linainama. Hakuwa anasikiliza kwa raha kama nilivyodhani. Alikuwa anatafuta. Anafungua, anasikiliza kidogo, anatikisa kichwa, anakwenda mwaka mwingine. Nilimletea pasti, lile andazi la nyama na viazi, ikapoa. Mara mbili nilimwona amelala, au nilidhani amelala. Nami nilikaa kando yake katika ule mvumo nikaona kama sote tuko chini ya maji, na juu yetu kuna mwanga mweupe.

Kisha akainua kidole. Akavua visikilizio, akanivalisha mimi.

Nilisikia barafu inalia. Sina neno lingine. Ililia kwa mbali, ikavutika, ikanguruma chini ya miguu yangu, ikapasuka kutoka upande huu wa ziwa hadi ule, mpaka nikashika meza. Halafu ikanyamaza. Haikunyamaza kama mashine iliyozimwa. Ulikuwa ukimya mpana, wa maji mengi yaliyofunuliwa kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano, na ndani yake unasikia kwamba yapo.

"Hapo," Mzee Odell akasema. Nilisoma midomo yake. Nikavua. "Hapo baada ya mlio. Umesikia?"

"Kumenyamaza."

"Ndiyo. Nilijua niliwahi kukinasa, sikukumbuka mwaka gani." Alikuwa anatabasamu na macho yana maji. "Unajua, mwanangu, ninaogopa sana. Mtu mzima mimi, ninaogopa kuwa kiziwi. Daktari anasema utasikia kimya. Nikajiuliza, kimya kipi? Maana kuna kimya cha shimoni, ambacho nilikijua mgodini, taa ikizimika. Na kuna hiki. Nilitaka nikisikie mara moja tena, ili Jumatatu nikiamka nikikikuta, nikitambue. Niseme, aa, ni wewe. Barafu imeondoka."

Nilikwenda nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Niliporudi ameshavaa koti. "Hizi dakika kumi na mbili niwekee," akasema. "Nyingine zote fagia."

"Nifagie? Miaka ishirini na mbili?"

"Nilikuwa natafuta hicho kimoja. Nyingine zinakujazia ghala bure. Si wewe unapenda kufagia?"

"Mzee Odell," nikasema, "huwezi kujua."

Nyuma yangu nikasikia Darrold, aliyekuwa amekuja na mkate, anakohoa kwa makusudi.

Tulibishana, tukakubaliana: sauti za wiki za barafu kulegea kila mwaka zibaki, maana ndizo zenye mlio, nyingine ziende. Nilifagia mwenyewe kwa mkono wangu yeye akinitajia, hii acha, hii tupa. Nilimwekea zake kwenye diski akaondoka nayo, ingawa baada ya Jumatatu hangeweza kuisikiliza tena. Zilizobaki ghalani nikazifunga kufuli kwa jina langu.

Ijumaa nikalibadilisha Fagio. Sasa likikuta siku ya mwisho lisiyoielewa halichomi, linasimama linauliza, na linamuuliza mtu aliye hai na aliye kazini. Kisha nikapitia makufuli yote ya Darrold, mia mbili na kumi na nne, nikiwapigia simu wenye vitu mmoja mmoja. Mia na tisini na moja hayakuwa na mtu. Menyu ya viazi ilikwenda. Na nilipomaliza nikalifuta jina lake kwenye mashine, yeye amekaa kando yangu ananitazama, mkono wake begani mwangu. Nililia kidogo. Hakunicheka, jambo ambalo lilinishangaza.

Mwaka huu gari lilizama Aprili ishirini na sita, saa nne asubuhi, jua linawaka, mji mzima unaona. Siku mbili baadaye, Jumanne, Mzee Odell alivuka. Hasikii hata radi sasa. Tunaongea naye kwa kuandika, na kwa ishara za mikono anazotufundisha. Aliketi karibu nami tukanywa kahawa, na saa sita ilipogonga, mashine ikawasha kioo. Nikamgeuzia asome.

Kufuli la Irja Pelkonen. Sababu: masikio ya Odell. Siku ya mwisho: hadi barafu iondoke. Je, barafu imeondoka?

Alisoma, akatazama dirishani. Ziwa lilikuwa bluu tupu mpaka upande wa pili, hata kipande kimoja cha barafu hakikuwepo. Akanitazama mimi, nyusi juu, anangoja.

Nikaandika: Bado.